Jinsi ya Kuchunguza Asili na Maana za Kitenzi cha Kirusi: Mfano wa Ведать

Anayejifunza Kirusi hufika mahali ambapo kamusi ya lugha mbili haimtoshi tena. Anakutana na kitenzi ведать (vyedat), anaambiwa kuwa maana yake ni kujua, kisha anasoma sentensi nyingine ambamo kitenzi hichohicho kina maana ya kusimamia ofisi. Anakuta поведать lenye maana ya kusimulia, отведать lenye maana ya kuonja chakula, na разведка lenye maana ya upelelezi, wala haelezwi popote jinsi maneno hayo yalivyotoka katika mzizi mmoja. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa hatua zinazofaa kwa kitenzi chochote cha Kirusi. Nimechagua ведать kwa sababu kina historia ndefu, ukoo mkubwa, na mitego ambayo huwanasa hata wenye lugha yao.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba undugu wa maneno huthibitishwa kwa sauti, wala si kwa kufanana kwa maana. Maneno mawili yanaweza kukaribiana sana kimaana yasiwe na uhusiano wowote wa asili, na mengine mawili yanaweza kuonekana mbali kama mbingu na ardhi huku yakiwa ya tumbo moja. Kwa hiyo usiamini maelezo yoyote ya asili ya neno, hata yakiwa matamu kiasi gani, mpaka sauti zake zimetoa ushahidi.

Kuvua viambishi na kupata mzizi

Andika kitenzi katika umbo lake la kamusi, kisha uandike nafsi kadhaa za wakati uliopo ukiweka alama ya mkazo: ве́дать, ве́даю, ве́даешь, ве́дают. Kiishio -ть ni alama ya kitenzi-jina, kinachofanya kazi ileile ya ku- katika Kiswahili ingawa chenyewe hukaa mwishoni. Irabu -а- iliyo mbele yake ni kiambishi cha kuundia kitenzi. Kinachobaki ni вед-, na huo ndio mzizi wa kufuatilia.

Hata hivyo mzizi wa Kirusi hauonekani kwa sura moja kila mahali, na anayetafuta вед- peke yake ataliacha nje nusu ya ukoo. Kanuni mbili za sauti ni za lazima hapa. Ya kwanza inasema kwamba katika Kislavoni cha kale д ikigongana na т, mbili hizo hugeuka kuwa ст. Unaweza kuihakiki kanuni hii kwa vitenzi vya kila siku: краду ni naiba lakini kuiba ni красть, na кладу ni naweka lakini kuweka ni класть. Kwa kanuni hiyohiyo вед- ikiongezewa -ть ya kuundia nomino hutoa весть (vyest), yaani habari, na nyuma yake zinakuja известие (taarifa ya habari), известный (maarufu), повесть (simulizi) na совесть (dhamiri).

Kanuni ya pili inahusu д iliyofuatwa zamani na sauti ya y. Katika Kirusi chenyewe д hiyo huwa ж, kama inavyoonekana katika видеть, kuona, na вижу, naona. Ndiyo maana вежливый (vyezhlivi), mwenye adabu, ni wa ukoo huu: linatokana na neno la kale вежа, mtu ajuaye mambo. Lakini katika lugha ya Kanisa, iliyoingia kutoka Waslavoni wa kusini pamoja na Ukristo uliopokewa Kiev mwaka 988, mchanganyiko huohuo hutoa жд. Kirusi kimehifadhi matunda yote mawili na kuyagawia kazi tofauti: невежа ni mtu asiye na adabu, невежда ni mtu asiye na elimu. Ukikutana na jozi ya namna hii katika kitenzi kingine chochote, umepata alama ya wazi kwamba neno moja lilikuwa la nyumbani na lingine lilipitia kanisani.

Herufi iliyofutwa mwaka 1918

Sasa inakuja hatua ninayoiona kuwa na thamani kuliko zote, na kwa bahati mbaya vitabu vingi vya wanafunzi huiruka. Ukikusanya maneno yote yenye вед-, utapata rundo lisiloeleweka: заведующий ni msimamizi, заведение ni mahali pa biashara au taasisi, поведать ni kusimulia, поведение ni mwenendo, разведка ni upelelezi, разведение ni ufugaji. Mwenye haraka atayaweka yote chini ya kujua na kuanza kutunga sababu. Ukweli ni kwamba rundo hilo lina mizizi miwili isiyohusiana kabisa. Mmoja ni wa ведать, kujua, na mwingine ni wa вести, kuongoza au kupeleka, ambao nafsi yake ya kwanza ni веду.

Leo mizizi hiyo huandikwa sawasawa kwa sababu mageuzi ya tahajia ya mwaka 1918 yaliifuta herufi ѣ, iitwayo yat, na kuweka е mahali pake. Zamani herufi hiyo iliwakilisha irabu tofauti, na hata baada ya matamshi kuungana waandishi waliendelea kuitunza. Kujua kuliandikwa вѣдать, kuongoza kuliandikwa вести. Kwa hiyo ukitaka kutenganisha rundo lako, tafuta kila neno katika maandishi yaliyochapwa kabla ya 1918. Chombo bora ni kamusi ya Vladimir Dal, iliyotoka kwa mara ya kwanza kati ya 1863 na 1866, ambayo inapatikana ikiwa na tahajia yake ya zamani. Hakikisha tu kwamba nakala uliyo nayo haikugeuzwa kuwa ya tahajia mpya. Humo utaona завѣдывать na ѣ, lakini заведенiе na е. Развѣдка na ѣ, lakini разведенiе na е. Rundo linajigawa lenyewe mbele ya macho yako.

Mkazo nao husaidia pale ambapo maneno mawili yameishia kuwa na herufi zilezile. Ве́дение, mkazo ukiwa mwanzoni, ni ujuzi au mamlaka juu ya jambo. Веде́ние ni uendeshaji, kwa mfano wa kikao. Све́дения ni taarifa, сведе́ние ni kuleta vitu pamoja. Ве́домый ni kinachojulikana, ведо́мый ni anayeongozwa, na marubani hulitumia hilo la pili kwa ndege inayomfuata kiongozi wake. Vitabu vya kawaida havichapi alama ya mkazo, kwa hiyo usipitishe neno lolote la ukoo huu bila kuuthibitisha katika kamusi.

Kuuliza lugha ndugu

Usipokuwa na maandishi ya zamani, lugha nyingine za Kislavoni zitakupa jibu lilelile, kwa sababu hazikuunganisha irabu hizo kwa njia moja na Kirusi. Kicheki ndicho kilicho wazi zaidi: vědět ni kujua na věda ni sayansi, zote zikiwa na alama juu ya e, ilhali naongoza ni vedu, bila alama. Katika Kiukraini yat ya zamani imekuwa і, hivyo ведать ni відати na весть ni вість, lakini naongoza imebaki веду.

Kiukraini kina tahadhari yake. Irabu е na о za kale nazo hugeuka і zinapokuwa katika silabi iliyofungwa na konsonanti, kiasi kwamba aliongoza, lililotoka katika mzizi wa вести, husemwa вів. Kwa hiyo linganisha silabi zilizo wazi tu, kama ві- ya відати na ве- ya веду, ambapo irabu haikupata sababu nyingine ya kubadilika.

Kupanda hadi kwenye shina

Ukishajua kwamba mzizi wako ni вѣд-, unaweza kuufuata nje ya lugha za Kislavoni. Kitabu cha kufungua ni kamusi ya etimolojia ya Max Vasmer, mzaliwa wa St. Petersburg aliyefanya kazi Berlin, ambaye mabomu ya mwaka 1944 yaliteketeza maandalizi yake akalazimika kuanza upya. Kamusi hiyo ilitoka kwa Kijerumani huko Heidelberg katika miaka ya 1950, na tafsiri ya Kirusi yenye nyongeza za Oleg Trubachyov ilianza kutoka Moscow mwaka 1964. Isome kwa utaratibu: kwanza inataja maumbo ya kale ya Kirusi, kisha lugha ndugu, kisha lugha za mbali, na mwishoni inaeleza maoni yanayopingana. Wengi hurukia mwisho. Soma mwanzo kwanza, kwa sababu hapo ndipo penye ushahidi.

Chini ya ведать utapelekwa kwenye Kisanskriti veda, najua, neno ambalo pia ni jina la maandiko matakatifu ya Wahindi. Kigiriki cha kale oida, najua. Na Kijerumani wissen, kujua. Pamoja nayo utakuta Kilatini video, naona. Kuona na kujua vimekutanaje? Veda na oida ni maumbo ya hali timilifu ya mzizi uliomaanisha kuona: aliyekwisha kuona, sasa anajua. Kislavoni cha Kale cha Kanisa kilitunza umbo la aina hiyohiyo, вѣдѣ, lenye maana ya najua, na umbo hilo ni miongoni mwa masalio adimu sana katika lugha za Kislavoni.

Hapa tena sauti ndizo zinazoamua. Katika lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, yaani lugha ya kale iliyozaa lugha hizi zote, mzizi ulikuwa na irabu zinazobadilishana, ei na oi. Katika Kislavoni ei iligeuka i, na oi iligeuka ile irabu ya yat. Hivyo видеть (vidyet), kuona, na ведать, kujua, ni ndugu wa kweli walioachana kwa irabu moja tu.

Kuteremka pamoja na maana

Baada ya kupanda, rudi chini polepole ukitazama maana ilivyobadilika. Katika Kirusi cha kale ведать na umbo lake la awali ведети yalikuwa maneno ya kawaida ya kujua. Baadaye знать kilichukua nafasi hiyo katika mazungumzo, na ведать kikabaki cha maandishi, cha ushairi na cha dini. Husikika hasa katika kukanusha: не ведать страха, kutojua hofu. Mrusi anaposema не ведают, что творят, anarejea maneno ya Luka 23:34, yaani hawajui watendalo.

Maana ya pili ilikua serikalini. Katika karne za 16 na 17 dola ya Moscow iliendeshwa na ofisi zilizoitwa приказы, na hati za wakati huo hutaja ofisi ipi inaujua mji upi au jambo lipi, yaani ipi inawajibika nalo. Kutoka hapo tukapata ведомство, idara ya serikali, na заведовать, kusimamia. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayesoma katika chuo kikuu cha Urusi hukutana na ukoo huu mapema: mkuu wa idara yake huitwa заведующий кафедрой, na karatasi rasmi inayojazwa alama za mitihani huitwa ведомость. Neno hilo hilo kwa wingi, Ведомости, lilikuwa jina la gazeti la kwanza la Urusi lililochapwa, lililoanzishwa kwa amri ya Peter Mkuu ya Desemba 1702.

Maana hizo mbili hazichanganyiki katika sentensi, kwa sababu Kirusi hubadilisha miishio ya nomino kulingana na kazi yake. Ведать ya kujua huchukua nomino katika uhusika wa yambwa: ведать правду, kujua ukweli. Ведать ya kusimamia huchukua uhusika wa ala: Она ведает библиотекой, anasimamia maktaba. Katika kila kitenzi unachochunguza, andika uhusika kando ya kila maana, kwani mara nyingi huo ndio mpaka halisi kati ya maana moja na nyingine.

Kisha geukia viambishi awali, na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo asiipoteze. Проведать ni kwenda kumtazama mtu, hasa mgonjwa au jamaa. Kwa mgeni mwingine, safari ya kutoka kujua hadi kutembelea huhitaji maelezo marefu, lakini sisi tunasema kumjulia hali mgonjwa, na kitenzi chetu kimepita njia ileile. Отведать ni kuonja, kujua kwa kujaribu. Изведать ni kuyajua mambo kwa kuyapitia, kama shida au furaha. Разведать ni kuchunguza huku na huku, ambalo limezaa разведка, upelelezi. Поведать ni kumjulisha mtu kwa kumsimulia. Уведомить ni kuarifu rasmi.

Faida hiyo inaendelea katika nomino. Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu mzizi mmoja wa kujua uliotuletea maarifa, taarifa, kuarifu na maarufu. Kirusi kimejenga safu hiyohiyo kwa вѣд-: ведение, сведения, уведомить, известный. Ukiziweka safu hizi mbili sambamba katika daftari lako, utazikumbuka bila taabu.

Maneno ya dini yanahitaji hatua ya ziada, kwa sababu baadhi yake yaliundwa makusudi na watafsiri wa maandiko ya Kigiriki. Совесть, dhamiri, lina со-, pamoja, na весть; limefuata muundo wa Kigiriki syneidesis, ujuzi ulio pamoja na mtu, kama Kilatini kilivyofanya kwa conscientia. Исповедь ni ungamo, проповедь ni mahubiri, заповедь ni amri ya Mungu. Kutoka заповедать, kuamuru na hata kukataza, kumezaliwa заповедник, eneo la hifadhi lisiloguswa. Hifadhi ya Barguzin kando ya Ziwa Baikal, iliyoanzishwa kulinda mnyama mwenye manyoya ya thamani aitwaye соболь, ina jina hilo, na Warusi huiita hivyo hata Ngorongoro.

Usisahau masalio yaliyoganda. Бог весть, Mungu ndiye ajuaye, halina nomino весть ya habari ndani yake. Hiyo весть ni nafsi ya tatu ya kitenzi cha kale, anajua. Ndivyo ilivyo katika невесть откуда, kutoka sijui wapi. Nayo ведь, kijineno kinachosikika katika kila mazungumzo ya Kirusi, kimetokana na umbo la kale la kitenzi hiki. Ведь я говорил! husemwa pale ambapo sisi tungesema si nilisema!

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni медведь, dubu. Watu wengi hulieleza kuwa ni mnyama ajuaye asali ilipo, na tahajia ya zamani, медвѣдь, inaonekana kuwaunga mkono kwa kuwa ina yat. Ligawe neno kwa uangalifu. Asali ilikuwa neno lililoishia na u, ambayo mbele ya irabu ilikuwa в, kama inavyoonekana hadi leo katika медвяный, -a asali. Kwa hiyo в ni mali ya asali, na kinachobaki ni ѣдь, mzizi wa kula. Dubu ni mla asali, na Kisanskriti kina neno lililoundwa vivyo hivyo, madhvad. Mfano huu unaonyesha kwamba hata kipimo kizuri cha yat hakitoshi iwapo neno limekatwa mahali pasipofaa.

Mtego wa pili ni совет, ushauri au baraza, neno ambalo Kiswahili kimelipokea katika Umoja wa Kisovieti. Linafanana na совесть na maana zake zinakaribiana, lakini konsonanti yake ni т katika kila umbo: совет, советовать, советник. Hakuna д popote. Mzizi wake ni вѣт-, wa kunena, uliomo pia katika ответ, jibu, na привет, salamu.

Wa tatu ni невеста, bibi harusi. Wataalamu wengi wamelieleza kuwa ni asiyejulikana, mgeni anayeingia nyumba ya mume, na sauti zinaruhusu maelezo hayo. Lakini kuna maelezo mengine yanayoshindana nayo, na mjadala haujafungwa. Kwa neno la namna hii andika maoni yote mawili katika daftari lako, wala usichague lile linalopendeza zaidi.

Kuthibitisha kwa matumizi

Hatua ya mwisho ni kupima yote uliyoyaandika dhidi ya lugha hai. Hazina kuu ya matini za Kirusi iitwayo Национальный корпус русского языка, iliyofunguliwa katika intaneti mwaka 2004, hukuruhusu kutafuta kitenzi katika maumbo yake yote na kuyaona matokeo kwa miaka. Tafuta ведать, soma mifano michache ya karne ya 19 na michache ya miaka ya karibuni, na kwa kila mmoja jiulize ni maana ipi na uhusika upi. Usinakili mifano mingi. Chagua ile inayoonyesha maana waziwazi, uandike na mwaka wake.

Ukurasa wako wa kitenzi uwe na maumbo na mkazo juu, mzizi na tahajia yake ya kabla ya 1918 chini yake, kisha ndugu wa Kicheki na Kiukraini, kisha maana pamoja na uhusika wake, na pembeni maneno uliyoyakataa pamoja na sababu ya kuyakataa. Safu hiyo ya pembeni ni muhimu kama zile nyingine, maana заведение, поведение na разведение, uliyoyaondoa katika ukurasa wa ведать, ndiyo maneno ya kwanza ya ukurasa wa вести, na huo ndio unaofaa kufuata.